Radhi Niliyoifuata Samuye

Mimi dhahabu bandia siuziwi. Naanza na hilo ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa aina gani. Zaidi ya miaka ishirini nimenunua dhahabu kwa mkono huu, na aliyewahi kunibambikia shaba bado hajazaliwa. Siri yangu ni ndogo tu. Mtu akiniletea kipande, naangalia kwanza uso wake, kipande kinafuata. Akicheka mapema, natoa asidi nikipime. Akishusha bei kabla sijamwomba, namwonyesha mlango. Kwa akili hiyo, na kwa darasa la nne nililoliacha Mhunze nikachunge ng'ombe wa baba, nimefika nilipofika: nyumba ya ghorofa Shinyanga mjini, maduara mawili, mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa Geita, na karasha tatu za kusagia mawe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliwashika wengine mimi.

Sasa akili hiyohiyo ndiyo iliyonitesa mwaka niliokata shauri kwenda Hija. Mtu akitaka kwenda Makka, kwetu, anazunguka kuaga. Anapita kwa majirani, kwa ndugu, kwa watu aliofanya nao kazi, anasema: kama nimekukosea kwa lolote, niwie radhi. Na wao wanajibu: nimekusamehe, nawe unisamehe, utuombee. Wanashikana mikono, chai inanywewa, yamekwisha. Nilipita nyumba kumi na tisa kwa siku mbili, na nyumba zote kumi na tisa nilisamehewa. Niliporudi kwangu nikakaa kwenye kochi nikawaza: hivi hawa wote wamenisamehe nini? Mbona rahisi hivi? Jirani yangu wa ukutani, tuliyegombana naye mwaka mzima kwa sababu ya mtaro, alinisamehe huku anaangalia gari langu. Yule nilimwelewa. Wengine sikuwaelewa.

Nikwambie ukweli, kusamehewa bure ni kitu ambacho sikuwahi kukiamini. Baba yangu alifuata mambo ya wazee wake, na kwake kosa lilikuwa na ng'ombe wake au mbuzi wake. Ukikosa, unatoa, watu wanakula, basi. Hilo nalielewa hadi leo. Uislamu niliingia Maganzo, nikiwa kijana wa kusaka almasi, kwa sababu wale niliokula nao sahani moja walikuwa Waislamu na nilipenda walivyonawa. Nilijifunza kusali kwa kuangalia migongo ya walio mbele. Kwamba Mwenyezi Mungu husamehe, nililisikia tangu siku ya kwanza. Nililiitikia kama unavyoitikia mtu anayekuambia mvua ya mwaka huu itakuwa nzuri.

Kwenye semina ya mahujaji, msikitini mjini, tulipewa sheikh kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Siku hiyo somo lilikuwa majina ya Mungu yanayohusu msamaha. Mimi nilikaa nyuma karibu na feni, nikimtazama kama ninavyomtazama mtu aliyeleta kipande. Nilikuwa nasubiri afike kwenye mchango. Masheikh wengi nawajua, somo likiwa tamu sana ujue kuna bati linatafutwa.

Akasema Mungu ni Al-Ghafur, na kwamba neno hilo, kule kwa Waarabu, ni ndugu wa neno la kofia ya chuma aliyovaa askari vitani. Inafunika kichwa na inakikinga. Msamaha wa Mungu unalifunika kosa lako watu wasilione, na unakukinga na madhara yake. Hapo nilikaa vizuri. Nikawaza helmeti zetu za mgodini. Akaendelea: Mungu ni Al-Ghaffar, anayesamehe tena na tena, wala hachoki na mtu yuleyule na kosa lilelile. Ni At-Tawwab, anayempokea mja kila anaporudi. Na ni Al-Afuw, anayefuta kabisa, kama upepo unavyofuta nyayo mchangani, ukaja kesho usijue kama kuna mtu alipita.

Bibi mmoja wa Kahama, mhujaji mwenzetu, akauliza, "Sheikh, hata dhambi ya kumsema mkwe?"

"Hata hiyo, bibi."

"Maana nina wakwe wanne."

Watu wakacheka. Sheikh naye akacheka, kisha akasema, "Lakini kuna dhambi kati yako na Mungu, na kuna haki za watu. Ya kwako na Mungu, unaiacha, unajuta, unanuia kutoirudia, naye ni mwingi wa kusamehe. Haki ya mtu lazima umrudishie mwenyewe, au akusamehe mwenyewe."

Nikainua mkono. Siku zote sikuwa nimeuliza swali. "Sheikh, mtu akikusamehe jumla jumla, bila kutajiwa kosa, inashika?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Inategemea, mzee wangu. Kosa lenyewe analijua, au unalijua wewe peke yako?"

Nani kamwambia huyu? Nikaanza kuhesabu watu wa mgodini waliokuwa na ndugu mjini. Sikusikia somo lililobaki. Alipomaliza hakutaja bati wala saruji, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Basi niseme hilo kosa, maana bila hilo hakuna habari hapa.

Miaka tisa nyuma nilikuwa na duara moja tu, na nilikuwa na fundi matimba mmoja, Muha wa Kigoma. Matimba ni yale magogo yanayopangwa ndani ya shimo ili kuta zisikuangukie, na fundi wake ni mtu ambaye wenzake wote wanashuka wakiamini mkono wake. Huyu alikuwa hodari kuliko wote niliowaona, na mimi nimewaona wengi. Alikuwa akigonga gogo kwa kisigino cha shoka, anasikiliza, anasema hili linashika, hili linadanganya. Alinizidi umri kwa miaka kama mitano, lakini kwa kuwa mimi ndiye mwenye duara, yeye ndiye aliyenisalimia shikamoo. Nami niliitika. Nilikuwa napenda kuitika.

Wiki moja tukapiga mawe mazuri, mawe unayaona kwa macho yana njano. Mifuko mitatu ya mawe hayo iliwekwa kando kule chini, kwenye njia ya pembeni, ipandishwe asubuhi. Asubuhi mifuko haipo. Sehemu ya njia ile ilikuwa imemeguka usiku, udongo na vifusi, lakini hakuna aliyefikiri habari ya vifusi. Mimi nilifikiri wizi. Kwa mtu wa machimbo, kitu kikipotea kimeibiwa.

Kwetu kuna desturi ya kuapisha. Zamu nzima inapangwa mstari kwenye mdomo wa duara. Mkristo anawekewa Biblia, Mwislamu Msahafu, na wa mila anaapa kwa mila yake. Nikawapanga watu kumi na wanne, mbele ya zamu iliyokuwa inasubiri kushuka. Kumi na watatu waliapa haraka haraka, mmoja hata akarudia mara mbili kwa kujipendekeza. Fundi matimba akafika mbele ya Msahafu, akaweka mikono nyuma.

"Bosi, niulize kwa mdomo, nitakujibu kwa mdomo. Sikuchukua. Lakini kitabu cha Mungu siwezi kukiwekea mkono kwa ajili ya mawe."

"Wenzako wameweka."

"Wenzangu wana mikono yao."

Nakumbuka watu walivyoguna. Nami kichwani nikaona kama mtu aliyecheka mapema. Nikasema kwa sauti, zamu mbili zikisikia, kwamba mwenye kumwogopa Mungu haogopi kuapa, na anayeogopa kuapa ndiye mwizi. Yeye akafunga shoka lake kwenye gunia, akaondoka. Habari ilifika Geita yote kabla yeye hajafika kituo cha basi. Wakampachika jina la utani ambalo sitaliandika. Hakuna duara lililompokea tena, maana ukishamwita mtu mwizi wa mawe, huwezi kumwacha ashuke kabla ya wengine, na kazi ya fundi matimba ni kushuka kabla ya wengine. Akahamia Samuye, kwenye ardhi ya kina mke wake, akawa mkulima.

Hilo la kwanza lilikuwa kosa la ujinga. La pili nililifanya macho yakiwa wazi. Miaka mitano baadaye, tukiwa tunaifungua ile njia ya pembeni iliyomeguka, tukaikuta mifuko mitatu chini ya vifusi, imefungwa kwa kamba yetu ya bluu, haijaguswa. Tulikuwa wawili, mimi na msimamizi wangu. Nikamwambia peleka karasha. Akaniuliza, "Na yule Muha?" Nikamwambia, "Ameshalowea Samuye huko, unataka tumwamshe?" Tukanyamaza. Nilinyamaza miaka minne.

Sasa unaelewa kwa nini swali la yule sheikh lilinikaba.

Jumamosi nikawasha gari kwenda Samuye, nimepakia mchele na sukari. Nilikuwa nimejipanga. Nitamwomba radhi ile ya jumla, kama nilivyowaomba wa nyumba kumi na tisa. Ataitika, nitaondoka, na Al-Ghafur atafunika yaliyobaki. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, siuongezi utamu.

Nilimkuta mke wake uani anapepeta choroko. Mama mnene, mweusi wa kung'aa, Msukuma wa kwetu. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akaitika bila kusimamisha ungo. Nikajitambulisha, nikashusha mchele na sukari.

"Nakujua," akasema. "Uso wako naujua tangu zamani kuliko unavyoujua wangu. Yuko huko nyuma."

Fundi alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Amepungua, nywele zimeingia mvi, lakini mkono ni uleule. Nikampa shikamoo. Mara yangu ya kwanza kumpa. Akasema marahaba kama vile nimempa kila siku, na hilo likanishtua kuliko kama angenitukana.

Nikatoa maneno yangu. Naenda Hija, binadamu tunakosana, kama nilikukosea kwa lolote...

"Nilishakusamehe zamani," akasema, hata sijamaliza.

"Zamani lini?"

"Siku siikumbuki. Nilikuwa napalilia."

"Ukanisamehe tu? Hivi hivi?"

Akagonga mpini chini, akausikiliza. "Bosi, kila nikisujudu nilikuwa nakuona wewe. Nikaona hapana, sala yangu imekuwa na mtu mwingine ndani. Nikakutoa."

Nikamtazama usoni kama ninavyotazama. Sikuona kitu. Sikuona hasira, sikuona tamaa, sikuona hata kule kujisikia kwa mtu aliyesamehe. Ningejua anataka nini, ningestarehe. "Sema unachotaka," nikamwambia. "Mimi siyo mtu mdogo. Ng'ombe, pampu ya maji, sema."

Mke wake alikuwa amekuja, ungo umo mkononi. "Muulize yeye anataka nini," akamwambia mumewe. "Maana wewe ndiye uliyekaa kwako, yeye ndiye aliyekuja."

"Mama, acha mgeni."

"Simwachi. Wewe umemsamehe, hayo ni ya kwako na Mungu wako. Mimi ndiye niliyeambiwa kisimani nimeolewa na mwizi. Msikiti wetu ulipojengwa, saruji ilihitaji mtu wa kuilinda, akatajwa huyu, mzee mmoja akasema, huyu ana historia ya machimbo, tumpe mwingine. Fundi wa mbao mzima, akapewa kazi ya kuchota maji." Akanigeukia. "Mimi bado sijakusamehe, baba. Nisikudanganye ukaenda Makka na hesabu mbovu."

Nikaona huyu mama ndiye mtu wa kwanza niliyemwelewa siku hiyo.

Fundi akaweka jembe chini. "Unajua kwamba sikuiba?"

"Najua."

"Basi kama unataka kunitendea kitu, ulinisemea kwenye mdomo wa duara, mbele ya zamu mbili. Rudi ukaseme palepale kwamba sikuiba. Sitaki pampu."

Hakuniuliza nimejuaje. Njia nzima kuelekea Geita nilikuwa na hilo moja tu kichwani. Mtu anakwambia unajua sikuiba, unasema najua, na hakuulizi umejuaje? Hapo kuna kitu. Ama anajua habari ya mifuko na ananitega, ama msimamizi wangu ameuza siri. Nikapiga simu kwa msimamizi, nikamuuliza habari za mvua, nikasikiliza sauti yake. Sauti ilikuwa safi. Nikamshuku zaidi.

Siku ya pili saa sita mchana, zamu zikibadilishana, nikapanda juu ya rundo la kifusi nikaita watu. Wengine walikuwepo enzi zile, wengi walikuwa wapya lakini lile jina la utani walilijua. Nikasema: ndugu zangu, miaka tisa nyuma nilimwita mtu mwizi hapa. Hakuwa mwizi. Mifuko ile imeonekana, ilifukiwa na vifusi. Mimi nilikosea, na naomba kila mwenye kinywa akaseme hivyo huko aendako.

Wakapiga makofi, nakwambia. Mmoja akasema hajawahi kuona tajiri anajishusha namna hii. Mwingine akasema, "Alhaji kabla ya Hija!" Nikashuka pale nimejaa kama gunia la pamba. Nilijisikia mtu mkubwa kuliko siku niliyonunua karasha ya kwanza. Ndipo msimamizi wangu akanisogelea, akanong'ona, "Bosi, umelipiga vizuri. Imeonekana! Safi sana." Akatabasamu, akaniminya mkono.

Ile kuminywa mkono ndiyo iliyoniharibia. Nilijua tabasamu lile. Ni tabasamu ninalolipata kwa mtu tuliyeshirikiana naye kumpiga mtu wa tatu. Nimesema imeonekana, kama vile imeonekana jana. Nimeungama nusu na kupigiwa makofi mazima. Kumbe hata toba yangu nimeichanganya na shaba, na niliyeibeba kwenda kuiuza ni mimi mwenyewe.

Hata hivyo nikajifariji. Nilipitia Samuye nikirudi mjini, nimpe taarifa, nimalize. Nikamweleza nilivyopanda kwenye kifusi, nilivyosema, makofi, yote. Akasikiliza. Mke wake akasikiliza. Nikaona hata mama ameshusha mabega kidogo.

Kisha fundi akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mifuko imeonekana lini?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari kichwani, yote mazuri. Mimi siyo mtu wa kukosa jibu. Lakini nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba nimefanya toba, na yale majibu matatu yote yalikuwa uongo.

"Miaka minne sasa," nikasema.

"Miaka minne iliyopita mama yangu alikuwa hai," akasema. "Huko Kigoma walirudi vijana wa kwetu kutoka machimbo, wakampelekea habari. Kila nilipokwenda alinipikia, anakaa mbele yangu, ananiuliza, mwanangu, kweli hukuchukua? Namwambia sikuchukua. Analala, kesho ananiuliza tena. Amefariki mwaka juzi. Ungesema, ningempeleka mtu wako mmoja akamwambie."

Nikasema, "Nisamehe."

"Ile ya kwanza nilikusamehe, na sirudi nyuma. Hii ndiyo kwanza naisikia." Akasimama, akachukua jembe lake. "Nina kazi shambani."

Akaenda. Mke wake hakunifukuza. Alinirudishia tu mchele na sukari nilivyoleta mara ya kwanza mpaka kwenye gari, akavipakia mwenyewe, akafunga mlango.

Ilibaki wiki moja na siku mbili nisafiri. Nikamfuata sheikh, nikamweleza yote, nikiwa namwangalia kama atashtuka. Hakushtuka. Nikamwambia, "Mimi nilidhani Mungu akifunika, amefunika."

"Alikufunika miaka minne, mzee wangu," akasema. "Alikuwa anakupa nafasi ya kurekebisha. Wewe ukaona amekupa kificho."

"Sasa yule mtu asiponisamehe?"

"Fanya lililo mkononi mwako, mrudishie anachoweza kurudishiwa, umwombee, na usiache kumwomba Mungu. Ni mwingi wa rehema kuliko unavyodhani. Lakini usidhani haki ya mtu utairuka kwa kupanda ndege."

"Na mama yake? Huyo amekufa. Huyo naye nitamwomba radhi wapi?"

Hapo sheikh alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema, "Huyo mwachie Mungu. Muombee sana." Nikaona kwamba hata yeye hana jibu jepesi, na kwa mara ya kwanza nikamwamini.

Nikarudi Geita. Saa sita ileile, kifusi kilekile. Nikasema kwamba juzi niliwaambia nusu. Nikasema mifuko ilionekana miaka minne nyuma, nikaisaga, nikanyamaza, kwa sababu nilijua nikisema nitaonekana mjinga niliyefukuza fundi bora wa matimba kwa kuogopa kwake Mungu. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa zamu ile ya kwanza, aliyekuwa ameapa mara mbili, akauliza tu, "Na mgao wetu wa hiyo mifuko?" Nikamwambia wataupata wote waliokuwepo, fundi akiwemo, na kabla sijasafiri waliupata. Wachimbaji wawili wa siku nyingi walikusanya vitu vyao siku hiyohiyo wakaondoka. Msimamizi wangu aliangalia pembeni, na tangu siku hiyo hanong'oni tena.

Kumbe kuna mtu alinirekodi kwenye simu, na rekodi ikafika Samuye. Jioni, kabla ya magharibi, simu yangu ikaita, namba ya Samuye.

"Nimesikia," akasema fundi.

"Umesikia yote?"

"Yote. Safiri."

"Umenisamehe?"

Nikasikia upepo, nikasikia mke wake anasema kitu kwa mbali. "Nimekwambia safiri, bosi." Simu ikakatika.

Neno hilo nimeligeuza kila upande. Nimelipima usiku wa kuamkia safari, nimelipima kwenye ndege. Safiri. Linaweza kuwa msamaha wa mtu asiyependa maneno mengi. Linaweza kuwa, ondoka machoni pangu. Ningekuwa na asidi ya kupimia neno, ningeidondosha hapo. Nilitaka kumpigia tena, nikaona nikimpigia nitakuwa namdai kitu ambacho ni chake. Mgao wake aliupokea, akauandikia risiti yenye sahihi, na hakuongeza salamu.

Hija nilihiji. Sitaeleza mengi, wengi wamekwenda wakaeleza vizuri kuliko mimi. Siku ya Arafa, kwenye lile joto, watu wote wameinua mikono wanalia, nami nikalia, na papo hapo nikajishuku kama nalia kwa sababu wenzangu wanalia. Nikaanza kuomba kwa majina yale tuliyofundishwa. Ya Ghafur, ya Afuw. Makosa yangu na Yeye niliyataja moja moja, na nilipoyataja sikuona ugumu kuamini kwamba anasamehe, maana Yeye hanihitaji kwa lolote, wala gari wala mchele wala karasha. Mtu asiye na haja nami alikuwa ananitia hofu maisha yangu yote. Pale Arafa nikaona ndiye pekee anayeweza kusamehe bila kuuza.

Nikafika kwa yule mama wa Kigoma. Nilikuwa simjui jina. Sikuwahi kumwona, wala sijui alizikwa kijiji gani. Bibi wa Kahama alikuwa karibu yangu, akaniona nimesimama mikono juu, mdomo umefungwa, akaniambia, "Omba, baba, muda unakwisha."

Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, maana Kiarabu changu hakifiki mbali: yule mama wa fundi matimba, Muha, aliyekuwa akimpikia mwanawe na kumuuliza kila akienda. Unamjua. Mwambie hakuchukua. Mimi ndiye niliyejua.

Nikarudia mpaka jua likazama.